Unataka kujiunga na kwaya kubwa ya parokia? Maswali ambayo waimbaji wapya wanauliza kila siku

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Sikukuu kubwa zikishapita, yaani Noeli na Pasaka, huwa wanakuja watu wengi kuulizia kwaya, wamesikia kwaya inaimba wakaguswa, na maswali yanafanana sana. Nimeyaweka hapa yote. Nazungumzia zaidi kwaya kubwa za parokia za Katoliki hapa Dar, zile zenye waimbaji sitini, themanini, nyingine zinapita mia, maana huko ndiko niliko, mi naimba sauti ya pili. Ila walio KKKT (Walutheri), Anglikana na kwingine watakuta mengi yanaingiliana.

Sina sauti nzuri, watanipokea kweli?

Hili ndo swali namba moja na linaniuma kwa sababu kuna watu wanakaa miaka na hamu yao moyoni wanaogopa tu. Sikia, kwaya kubwa haitafuti sauti nzuri ya mtu mmoja mmoja. Inatafuta mtu anayesikia, na anayekuja mazoezini. Basi. Mtu mwenye sauti ya kawaida kabisa lakini anasikiliza jirani yake na hakosi mazoezi anaibeba kwaya kuliko yule mwenye sauti ya dhahabu anayetokea Jumamosi jioni kesho yake kuna Misa. Waulize walimu wa kwaya, hilo watakwambia bila kufikiri mara mbili.

Kinachohitajika ni uweze kurudia sauti uliyopewa. Mwalimu akipiga noti kwenye kinanda ukaifuata, tayari una mtaji. Na hata usipoifuata siku ya kwanza, wengi ni woga tu, koo limebana, wakija mara tatu nne linafunguka lenyewe.

Kuna usaili?

Kwaya nyingi za parokia hazina usaili wa kukutoa jasho. Utajaza fomu, utaulizwa jumuiya yako ndogo ndogo ni ipi, yaani kile kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, na mara nyingi utatakiwa kuleta barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya. Kama hujawahi kukanyaga jumuiya anza hapo kwanza. Afu mwalimu atakusikiliza sauti dakika chache ili ajue akuweke wapi. Hapimi kama unafaa au hufai, kwahiyo usiende umejiandaa na wimbo wa kumwonyesha, utaimba ngazi tu, do re mi kupanda na kushuka.

Nitajuaje mimi ni sauti ipi?

Wanawake wanagawanyika soprano (ya juu) na alto (ya chini), wanaume tenor (ya juu) na besi (ya chini), na kwenye kwaya zetu tunaziita pia sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne kwa mpangilio huohuo. Kwa makadirio, ukichukua C ya katikati ya kinanda, soprano anaanzia hapo anapanda mpaka A ya oktava ya pili (oktava ni kutoka do mpaka do inayofuata), alto anashuka mpaka G iliyo chini ya hiyo C na juu anaishia kama D ya oktava hiyohiyo ya pili. Tenor anaanzia C ya chini oktava moja mpaka A iliyo juu ya C ya kati, na besi anashuka mpaka E iliyo chini ya hiyo C ya tenor.

Sasa ukweli ni kwamba watu wengi tupo katikati. Mwanamke wa kawaida ambaye hajafundishwa siyo soprano kamili wala alto kamili, na mwanaume hivyohivyo siyo tenor kamili wala besi kamili. Kwahiyo mwalimu anaangalia mambo mengine, sauti yako inang'aa wapi, inachoka wapi, na kiukweli anaangalia pia wapi kuna upungufu. Tenor ndo adimu kila mahali, ukiwa mwanaume unaweza kupanda bila kupiga kelele basi jua utapokelewa kwa shangwe.

Ombi langu, usichague sauti kwa sababu rafiki yako yuko pale, na usikatae alto ukidhani ni ya wale walioshindwa soprano. Soprano anabeba melodia, kila muumini anaisikia na kuiimba. Alto anaimba kitu ambacho hakuna anayekijua kanisani zaidi ya wenzake, inabidi akishike kichwani huku melodia inapita sikioni kwake. Inahitaji kichwa kilichotulia.

Vijana wa kiume mnaobadilika sauti, kuanzia miaka kumi na mbili mpaka kumi na tano hivi, msilazimishe chochote. Mwambie mwalimu, atakuhamisha taratibu, na kuna kipindi sauti itakuwa inakukatikia katikati ya wimbo, ni mwili unakua.

Sijui nota hata moja.

Wengi walioko ndani pia walikuja hawajui. Utafundishwa hapohapo.

Kwetu kuna njia mbili za kuandika muziki. Kuna nota za mistari mitano, na kuna solfa, yaani herufi d r m f s l t. Kwaya nyingi za Tanzania zimekulia kwenye solfa na mimi naipenda sana, maana mtu anaishika kwa wiki chache. Ilianzia Uingereza karne ya 19, mama mmoja mwalimu anaitwa Sarah Glover wa kule Norwich aliibuni, halafu mchungaji John Curwen akaiboresha na kuisambaza, wamisionari wakaileta Afrika. Ilikubalika haraka kwa sababu unaichapa kwa herufi za kawaida tu, mashine ya taipu na stensili vilitosha, hukuhitaji vyombo maalum vya kuchapia nota. Ndiyo maana ukifungua makabati ya kwaya za zamani utakuta makaratasi ya solfa yamejaa.

Kusoma kwake, nukta mbili zinatenganisha mapigo, mstari wima unafunga kipimo, deshi inamaanisha endelea kushika ileile usiiachie, nukta moja inaligawa pigo nusu kwa nusu. Kialama kidogo juu ya herufi ni oktava ya juu, chini ni ya chini. Pale mwanzo wa wimbo utaona Do ni G, au Do ni F, hapo ndo unajua do inaanzia wapi, inahama kila wimbo. Ukiona fe ni fa iliyopandishwa nusu, ukiona ta ni ti iliyoshushwa.

Nyimbo mpya sikuhizi nyingi zinakuja na nota za mistari, zimeandikwa kwa kompyuta, zinatumwa PDF, na mtandao wa Swahili Music Notes umesaidia sana watu kupata nyimbo za Misa bila kuzungukia kopi parokia hadi parokia. Kwahiyo jifunze zote mbili. Anza na solfa, ukiielewa vizuri mistari haitakusumbua.

Na tafadhali usitegemee kukariri tu kwa kusikia. Unaweza ukaenda hivyo hata miaka, lakini siku jirani yako hayupo unapotea.

Mazoezi ni mara ngapi kwa wiki?

Kawaida mbili au tatu, jioni baada ya kazi, kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja na nusu usiku, na Jumamosi mapema zaidi. Karibu na sikukuu yanaongezeka, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka ni karibu kila siku.

Najua foleni. Najua mtu anatoka Posta anakwenda Mbezi au Kigamboni. Ukichelewa njoo, ingia kimya, kaa kwenye sauti yako, usianze kusalimia mstari mzima. Usipoweza kabisa toa taarifa kwa kiongozi wa sauti yako, ujumbe wa mstari mmoja unatosha. Kinachowaudhi viongozi siyo kukosa, ni kupotea wiki tatu kimya halafu unatokea Jumapili umevaa sare unataka kuimba wimbo ambao wenzako wamejifunza wewe haupo. Kwaya nyingi zina utaratibu kwamba hujafanya mazoezi ya wiki hiyo, huimbi Jumapili hiyo, unakaa na waumini. Mnaona ni ukali lakini mtu mmoja tu wa besi akiingia mapema kabla ya wenzake kanisa zima linasikia.

Lini nitaanza kuimba kwenye Misa?

Wengi wanawekwa kwenye uangalizi, miezi mitatu mara nyingi, wengine sita. Unafanya mazoezi na wote, unajifunza nyimbo, unaimba Misa ndogondogo, halafu unapokelewa rasmi na kupewa sare, sehemu nyingine padri anawabariki wanakwaya wapya mbele ya waumini. Usiharakishe hicho kipindi, ndicho pekee ambacho hakuna anayetegemea chochote kutoka kwako.

Naimba alto/besi ila kila wakati navutwa na soprano. Nifanyeje?

Hapa nitaongea kidogo maana ndo penye kilio cha wengi, na watu wanaacha kwaya kwa sababu hii wakati dawa ipo.

Kwanza simama katikati ya wawili walioshika. Usisimame pembeni kabisa mpakani na sauti nyingine ukiwa mgeni. Mwombe kiongozi wa sauti, atakupanga.

Pili, imba chini zaidi ya jirani yako. Mgeni anapoogopa huwa anaongeza sauti ili ajisikie, na hapo ndo hasikii tena wengine, anafuata kilicho kikubwa zaidi hewani ambacho ni soprano. Ukipunguza utamsikia jirani, ukimsikia utamfuata. Kipimo rahisi, kama husikii wanaokuzunguka basi unaimba kwa nguvu mno.

Tatu, rekodi sauti yako kwa simu mwalimu anapoifundisha peke yake, usirekodi zile sauti nne zikiunganishwa. Isikilize kwenye daladala, ukiosha vyombo, mpaka ikae yenyewe. Halafu tafuta mtu mmoja tu wa soprano, rafiki, muimbe wawili, yeye yake wewe yako, pole pole. Wawili ni pagumu kuliko themanini, hakuna pa kujificha, mkiweza wawili mtaweza popote.

Nne, jua noti yako ya kuanzia inatoka wapi. Usisubiri upewe. Mara nyingi iko palepale kwenye noti ya mwisho ya kiitikio, au soprano ameishia so na wewe unaanza mi, andika kwa penseli kwenye karatasi yako.

Na kuna jambo la kushuka. Umeme ukikatika, kinanda hakipo, kwaya inaanza wimbo kwenye G inaumaliza kwenye F bila mtu kujua, umeme ukirudi mpiga kinanda anagusa na kila mtu anashtuka. Kwaya inashuka hasa kwenye noti zinazojirudia na kwenye melodia inayoteremka, kila hatua inatelemka kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Ukiwa unateremka fanya hatua ndogo, ukipanda fanya hatua kubwa, na mi na ti zako zishike juu. Sauti za kati, alto na tenor, ndizo zinaweza kuiokoa kwaya hapo.

Mbona kwaya kubwa inaimba sentensi ndefu bila kupumua?

Wanapumua, ila wanapokezana. Kwenye kwaya ya watu themanini huna sababu ya kupumua pamoja na jirani. Akipumua wewe endelea, ukipumua wewe yeye anaendelea, unatoka kidogo kidogo unarudi kidogo kidogo bila kishindo. Usipumue penye koma kwa sababu kila mtu atapumua pale, pumua katikati ya irabu ndefu. Ni utamu wa peke yake wa kwaya kubwa, sauti inakwenda kama mto, na mtu mmoja hawezi kuufanya hata awe na mapafu ya namna gani.

Mwalimu anatusimamisha kila mara kwa ajili ya matamshi, kuna umuhimu?

Upo mkubwa sana. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, a e i o u, na sauti ndefu inakaa kwenye irabu hizo. Watu themanini wakifungua mdomo tofauti kwenye "a" moja, huyu ameutanua, yule ameuviringa, unapata ukungu, hata kama noti ni sahihi. Wakifungua sawa, unashangaa kwaya imekuwa kubwa ghafla bila mtu kuongeza nguvu. Na hizi r na l zinazobadilishana kulingana na tulikotoka, hakuna wa kumcheka mwenzie, zinarekebishika kwa mazoezi. Waumini wamekuja kusali, lazima wasikie maneno.

Gharama zikoje?

Kuna ada ya mwezi, kiasi kinategemea kwaya. Kuna sare, na hii ndo kubwa kuliko zote, kitambaa na fundi, na kwaya kubwa huwa na sare zaidi ya moja. Kuna michango ya msiba wa mwanakwaya, harusi, safari, na kama kwaya inarekodi basi kuna mchango wa studio na video.

Uliza yote kabla hujajiunga, muulize katibu au mhazini akupe orodha, siyo aibu. Na kama huna, mwone mwenyekiti faraghani mapema. Sare inalipwa kidogo kidogo kwaya nyingi, na nimeona mara kadhaa wenzetu wakichangiwa kimyakimya. Naomba viongozi wanaosoma hapa pia, msimsomee mtu deni lake mbele ya kwaya nzima. Tunapoteza waimbaji kwa jambo hilo.

Nyimbo ni nyingi sana, nitazishikaje?

Ukijua kalenda ya Kanisa utashangaa zinavyojipanga. Mwaka unaanza na Majilio, Dominika nne kabla ya Noeli, wimbo wa Utukufu hauimbwi. Noeli unarudi kwa kishindo. Kwaresima tena hakuna Utukufu wala Aleluya, shangilio linakuwa jingine, na kinanda kinatakiwa kusaidia waimbaji tu, hakipigwi chenyewe, isipokuwa Dominika ya nne na kwenye sherehe. Alhamisi Kuu Utukufu unaimbwa na kengele zinapigwa, halafu kwa desturi kinanda kinanyamaza mpaka Mkesha wa Pasaka. Siku hizo ndipo utajua kwaya imefanya mazoezi au la, maana hakuna cha kujishikiza.

Kwa Misa ya kawaida jua mpangilio: wimbo wa mwanzo, Bwana utuhurumie, Utukufu, wimbo wa katikati (zaburi), shangilio, matoleo, Mtakatifu, Mwanakondoo, komunyo, shukrani, mwisho. Zile za kudumu kama Mtakatifu na Mwanakondoo zinarudi kila wiki, shika hizo kwanza. Wiki nne tano utakuwa unaimba nusu ya Misa bila wasiwasi.

Ukikuta nyimbo za Kilatini usitishike. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu ambao hati yake ya liturujia ilitoka 1963, Misa ilikuwa kwa Kilatini, na kwaya nyingi zimezitunza chache mpaka leo. Zinasomwa karibu kama zilivyoandikwa.

Na tarehe 22 Novemba weka alama, ni kumbukumbu ya Mtakatifu Sesilia msimamizi wa waimbaji, kwaya za dekania nyingi (dekania ni kundi la parokia jirani) zinakutana kuimba pamoja.

Ninywe nini ili sauti iwe laini? Mayai mabichi?

Hapana, mayai waachie wapishi. Chochote unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti, kinapita njia ya chakula. Maji yanasaidia lakini kupitia mwili mzima, kwahiyo kunywa tangu asubuhi, kunywa chupa nzima dakika tano kabla ya Misa hakutakusaidia kitu zaidi ya kukutafutia choo. Tangawizi na asali vinatuliza koo, sawa, ila ukiumwa koo dawa ni kunyamaza. Kunong'ona pia kunachosha, usidhani ndo kupumzika. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu nenda hospitali kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Nina mtoto mchanga / nafanya kazi shifti / nimevuka miaka hamsini.

Mama wa mtoto njoo naye, wapo wa kumbeba. Wa shifti toa ratiba yako kwa kiongozi wa sauti mwanzoni mwa mwezi. Na wewe wa hamsini, sauti iliyokomaa ndiyo inampa joto besi na alto, njoo haraka.

Mwenzi wangu hapendi nichelewe kurudi.

Mpeleke mazoezini siku moja. Akae nyuma asikilize, aone mnaanza saa ngapi mnamaliza saa ngapi. Mengi yanaisha hapo. Na wakati mwingine naye anachukua fomu.

Kwenye misiba lazima niende?

Hulazimishwi, lakini nenda unapoweza. Familia iliyofiwa haitasahau kwamba kwaya ilikuja. Jifunze mapema nyimbo za mazishi, haziji na wiki ya mazoezi, taarifa inaingia kwenye group la WhatsApp usiku, kesho saa nne mko makaburini, jua kali, hakuna kinanda.

Nikihama au nikitaka kupumzika?

Sema. Mwandikie katibu, ukipumzika kwa muda atakuhifadhia nafasi, ukihama mkoa utapewa barua ya utambulisho na kwaya ya huko itakupokea bila kuanza upya kila kitu. Rudisha nakala za nyimbo na sare kama ni mali ya kwaya, lipa ulichokuwa unadaiwa au mkubaliane, na mpitie mwalimu umuage ana kwa ana, asije akawa anakuhesabia bado kwenye tenor zake za Krismasi.